Wengine Ofisini, Wengine Mbali: Mwongozo Kamili wa Kuongoza Timu Mseto Ukiwa Dodoma

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, hazikuhama wizara peke yake. Kampuni za ushauri, mashirika, wakandarasi, watengeneza mifumo ya kompyuta, wote ambao riziki yao inapitia milango ya wizara walianza kutafuta vyumba Area D, Kisasa na Makole. Ofisi zikahama, watu hawakuhama wote. Mhasibu kabaki Dar es Salaam kwa kuwa mume wake anafanya kazi huko na watoto wako katikati ya shule. Mtaalamu wa takwimu yuko Arusha na hana mpango wa kuhama. Maafisa wa fildi wako Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, kwa sababu huko ndiko kazi yenyewe iliko. Timu ya watu kumi na wawili inaweza kuwa na watano tu wanaosalimiana kila asubuhi.

Mwongozo huu ni wa anayeongoza timu ya namna hiyo, kubwa au ndogo kidogo, katika ofisi binafsi au shirika. Mtumishi wa umma ana kanuni zake za utumishi na vibali vyake, ingawa sehemu ya vikao itamfaa naye. Serikali yenyewe siku hizi inakaa vikao kwa mfumo wa e-Mikutano.

Nianze na msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Mameneja wengi wakipata timu mseto huanza kumhangaikia aliye mbali: anafanya kazi kweli? amelala? yuko sokoni? Mimi naona hangaiko hilo limeelekezwa kusiko. Anayetakiwa kubadili mazoea zaidi ni aliye ofisini, kwa maana yeye ndiye mwenye habari, na habari zake anazipata bila jasho na kuzigawa kwa bahati. Aliye mbali mara nyingi kazi anaiweza. Anachokosa ni kujua kilichobadilika jana. Hatua nyingi hapa chini zitamsumbua bosi na majirani zake wa meza kuliko zitakavyomsumbua afisa wa Manyoni.

Hatua ya 1: Panga kazi kwanza, watu baadaye

Chukua karatasi, andika kazi zote za ofisi. Zigawe mafungu matatu. La kwanza ni kazi zinazohitaji mwili uwepo: kugonga mhuri, kupokea barua halisi, kusaini hundi, kutunza stoo, kupokea wageni. La pili ni kazi zinazohitaji kuwa mahali fulani pasipo ofisini: kufuatilia kibali Mtumba kwenye mji wa serikali, kukagua kisima Bahi, kukutana na vikundi vya wakulima wa alizeti. La tatu ni kazi ambazo kompyuta na mtandao vinatosha: kuandika ripoti, kufunga hesabu, kuchambua takwimu, kubuni.

Ukimaliza ndipo uweke majina. Utashangaa mambo mawili. Moja, kuna mtu umemng'ang'aniza ofisini ambaye kazi zake karibu zote ziko fungu la tatu. Pili, kuna aliyeruhusiwa kukaa mbali huku anashika funguo za fungu la kwanza, na kila wiki mtu mwingine anabeba mzigo wake kimyakimya: anapokea barua zake, anachapisha nyaraka zake, anamtafutia sahihi. Huyo anayebeba ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuchukia mpango wote. Mpunguzie kazi nyingine au muongezee kitu.

Kumbuka pia kwamba aliyetumwa Mtumba kutwa nzima, siku hiyo naye ni mtu wa mbali. Kanuni za walio mbali zimguse na yeye. Hii husaidia sana kisiasa ndani ya ofisi, kwa kuwa watu wanaacha kuona ni upendeleo wa wachache.

Hatua ya 2: Weka kwenye karatasi

Makubaliano ya mdomo kwenye jambo hili ni kutafuta kesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na miongoni mwake ni mahali pa kazi na saa za kazi. Maelezo hayo yakibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi na amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Kwa hiyo aliyekuwa akija ofisini kila siku na sasa atakuwa akifanyia kazi nyumbani Singida siku nne kwa wiki, mwandikie barua ya marekebisho, nyote msaini, nakala moja ikae kwenye faili lake.

Barua iseme haya: mahali atakapofanyia kazi, siku za kufika ofisini, saa ambazo lazima apatikane, vifaa alivyokabidhiwa pamoja na namba zake, nani analipia bando na umeme, na muda wa majaribio. Miezi mitatu ya majaribio inatosha. Usisahau kipengele cha namna ya kuusitisha mpango, nitakirudia mwishoni.

Saa za kazi ndizo zinazowatega wengi. Sheria hiyo inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Ziada isizidi saa 50 katika wiki nne na ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kuna pia mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Viongozi wakuu wamewekewa mlango wao, lakini mfanyakazi wa kawaida analindwa, na kukaa kwake nyumbani hakumwondolei ulinzi huo. Sasa piga hesabu: umemtumia mhasibu ujumbe saa 5 usiku, akafungua kompyuta, akakutumia jedwali. Saa zake 12 zinaishia saa 5 asubuhi. Ukimkuta hayupo kwenye kikao cha saa 3, kosa ni la nani?

Kama wafanyakazi wa mbali wanashika taarifa za watu, iwe majina ya wanufaika, namba za simu au rekodi za afya, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kompyuta ya ofisi isiwe ya kuchezea watoto katuni. Nywila iwepo, na faili zenye majina zikae kwenye hifadhi ya ofisi, si kwenye fleshi inayozunguka.

Hatua ya 3: Umeme, bando na njia ya akiba

Hapa sitakaa sana, kila mtu anajua LUKU huisha saa ngapi. Mambo manne tu.

Bando lilipwe na ofisi, na lilipwe mwanzoni mwa mwezi. Kumrudishia mtu fedha baada ya kuleta risiti ni kumkopa mfanyakazi wako. Kupanga kiasi, jua kwamba kikao cha saa moja cha video chenye watu wengi kinaweza kumeza GB 1 au zaidi, wakati sauti peke yake hutumia sehemu ndogo sana ya hiyo. Kwa hiyo video iwe ya dakika za kusalimiana, kisha zima, mwendelee na sauti.

Ruta ya nyumbani ikipewa betri yake ndogo, umeme ukikatika kompyuta ina chaji yake na mtandao unabaki. Kifaa hicho ni nafuu kuliko jenereta na hakina kelele.

Kila mtu awe na laini za mitandao miwili tofauti. Na kila mtu aandike mapema atakwenda wapi mambo yakigoma: kwa jirani, ofisi ya kata, hoteli yenye mtandao, popote.

La nne ni siku ambayo tatizo si la mtu mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na mtandao ukayumba nchi nzima. Timu iliyokuwa na orodha ya namba za simu za kawaida, iliyochapishwa na kubandikwa ukutani, iliendelea kuzungumza. Meseji za kawaida zilipita. Chapisha orodha hiyo wiki hii.

Hatua ya 4: Dhibiti uamuzi wa kwenye chai

Tumefika kwenye kiini.

Saa nne asubuhi, chupa ya chai imeshaletwa, kuna maandazi, mmoja ameagiza supu na chapati kwa mama ntilie. Bosi anapuliza kikombe chake na kusema, kama anayejisemea, "Hii ya Chamwino mnaonaje, tuisogeze Ijumaa? Jumanne ukumbi wameshachukua." Wawili wanaitikia, mmoja anasema ni sawa kabisa, mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Kila aliyekuwepo pale anaondoka akijua mafunzo ni Ijumaa. Afisa wa Chamwino hakuwepo. Yeye jana yake alishalipia turubai na viti vya Jumanne, na washiriki wake wengine wanatoka vijiji ambavyo gari hupita mara moja kwa siku. Atapata habari Jumatatu jioni, tena kwa kuuliza jambo lingine. Halafu kwenye tathmini ya mwaka ataandikiwa kwamba "hana mawasiliano mazuri na makao makuu".

Huwezi kupiga marufuku mazungumzo ya chai, wala usijaribu. Mawazo mazuri mengi huzaliwa pale. Unachoweza ni kuweka kanuni moja na kuisimamia bila aibu: lisiloandikwa halijaamuliwa. Hata kama bosi kasema, hata kama wote wameitikia, mpaka liandikwe mahali palipokubaliwa ni mazungumzo tu, na mtu wa mbali ana haki ya kuendelea na mpango wa zamani. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na uamuzi ni mali.

Namna ya kuifanya ifanye kazi:

Tenga makundi ya WhatsApp, au programu yoyote mnayotumia, kwa shughuli. Moja la kazi za kila siku. Moja la maamuzi tu. Moja la salamu, pongezi, picha za harusi na vichekesho. Kundi la maamuzi lipangwe ili wasimamizi wake pekee waweze kutuma. Anayepinga ahamie kundi la kazi. Ukiacha vyote vichanganyike, uamuzi wa bajeti utazikwa chini ya "Amina" thelathini na saba.

Weka mwandishi wa zamu, abadilike kila wiki, na bosi awemo kwenye zamu. Kazi yake ni moja: kabla ya saa 10 jioni aulize, "Leo tumeamua nini?" kisha aandike. Mfano wa kuandika:

*UAMUZI: Mafunzo ya Chamwino yanasogezwa kutoka Jumanne hadi Ijumaa.*
*SABABU: Ukumbi wa Jumanne umechukuliwa.*
*NANI AFANYE NINI: Afisa wa Chamwino awajulishe washiriki. Mhasibu abadilishe tarehe kwenye maombi ya posho.*
*MWENYE PINGAMIZI: aseme kabla ya kesho saa 4 asubuhi.*

Mstari wa mwisho ndio wenye nguvu. Unampa aliye mbali nafasi ya kusema "nimeshalipia viti" kabla mambo hayajaganda. Mstari wa sababu nao usirukwe: asiyejua sababu hawezi kupendekeza njia nyingine, na pengine Chamwino kuna ukumbi wa shule ambao ninyi wa mjini hamuujui.

Kila Ijumaa mwandishi wa zamu ayanakili maamuzi ya wiki kwenye waraka mmoja wa pamoja. Simu hupotea, watu hubadili namba, na miezi sita baadaye mtataka kujua nani alikubali nini.

Wiki za mwanzo watu watacheka na kusema ofisi imekuwa mahakama. Waache wacheke. Bosi mwenyewe siku ya kwanza atakayoulizwa "hili limeandikwa?" na kijana wa fildi, ajibu kwa upole na aandike. Akifoka siku hiyo, kanuni imekufa.

Hatua ya 5: Kikao ambacho wote wanasikia

Kikao mseto cha kawaida kiko hivi: watu sita wamezunguka meza, simu moja imewekwa katikati kifudifudi, spika imewashwa, pangaboi linazunguka juu. Aliye Mpwapwa anasikia vizuri mtu mmoja, yule aliye karibu na simu. Wengine ni mngurumo. Mtu wa mwisho mezani akitania, chumba kizima kinacheka, na yeye wa Mpwapwa anacheka kidogo pia ili asionekane ameondoka. Ikiwa ni Januari na mvua imeanza kupiga bati, basi ni buriani.

Tibu hivi. Chagua chumba chenye dari, si chenye bati tupu. Nunua kipaza sauti kimoja cha mezani kinachochukua sauti pande zote. Kati ya vitu vyote ambavyo ofisi inaweza kununua kwa ajili ya timu mseto, hiki ndicho ningenunua kwanza, kabla ya kamera na kabla ya televisheni ya ukutani. Zima pangaboi au lipunguze. Mvua ikianza, msishindane nayo: hamieni kwenye kuandika, kila mtu aandike hoja yake kundini, mkipumzika mvua nayo itapumzika.

Teua mtu mmoja mezani awe sikio la walio mbali. Huyu hasemi sana, anaangalia nani amenyoosha mkono kwenye kioo, nani amekatika, na anakatiza chumba bila kuogopa cheo: "Samahani bosi, Manyoni hajasikia." Mpe jukumu hilo kwa jina, ama sivyo mdogo kazini hatathubutu kumkatiza mkubwa.

Anza na walio mbali. Kila ajenda, Kondoa kwanza, kisha Dar es Salaam, kisha meza. Ukianza na meza, hoja zitakwisha na wa mbali atabaki na "sina la kuongeza". Nimeona vikao vikibadilika kwa jambo hili moja tu, bila senti kutoka.

Kuhusu muda, kuna mtego unaojirudia hasa kwa wenye kutumia kalenda ya simu. Mtu anasema kikao ni saa 3, mwingine anaingiza 3:00 kwenye kalenda, ambayo kwa simu ni saa 9 usiku au saa 9 alasiri, na siku ya siku hayupo. Andika daima namna mbili pamoja: saa 3 asubuhi, 09:00. Ongeza siku na tarehe. Kikao kisizidi saa moja. Bando la mtu linatiririka wakati ninyi mnamsubiri mwenyekiti amalize simu yake nyingine.

Ajenda itumwe jana yake, pamoja na nyaraka. Nyaraka ya kurasa arobaini inayotumwa kikao kikiwa kimeanza ni ya walioichapisha ofisini peke yao.

Hatua ya 6: Salamu na jambo viende pamoja

Ofisini tunasomana kwa uso. Kwenye maandishi uso haupo, na ujumbe mfupi wa bosi, "Ripoti iko wapi?", ukimfikia mama mwenye umri wa mama yake bosi, aliyeko Kibakwe, atauona ni utovu wa adabu, na hatakuambia. Atakaa kimya siku mbili.

Upande wa pili kuna ugonjwa wa salamu tupu. Mtu anatuma "Habari za asubuhi", anasubiri ajibiwe. Anajibiwa saa mbili baadaye "Salama, za kwako?" Naye yuko kwenye pikipiki, anaona saa nane. Siku imekwisha, jambo halijasemwa.

Salamu na jambo viingie kwenye ujumbe mmoja:

*Shikamoo Mama, pole na majukumu. Naomba orodha ya vikundi vya Kibakwe, jina la kikundi na idadi ya wanachama tu, kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. Ikiwa ngumu niambie leo, nimwombe mwenzako wa Mpwapwa mjini asaidie.*

Heshima ipo, kazi ipo, tarehe ipo, na mlango wa kusema "siwezi" uko wazi. Jibu lake likija "Marahaba mwanangu, nitaleta Jumatano", umemaliza.

Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa kueleza jambo refu na kwa kuonyesha kwamba huna hasira, lakini usiutumie kwa tarehe, namba au maagizo. Hakuna anayerudia kusikiliza dakika nne kutafuta kiasi cha fedha. Na la kumkosoa mtu usiliandike wala usilirekodi. Piga simu, wawili peke yenu.

Hatua ya 7: Pima kilichotoka, acha kuhesabu taa za kijani za walio mtandaoni

Kila Jumatatu kila mtu, bosi akiwemo, aandike mambo matatu atakayoyamaliza wiki hiyo. Ijumaa aandike yaliyokwisha, yaliyokwama, na yamekwama kwa nani. Mistari sita kwa wiki. Hicho ndicho kipimo, kwa wa ofisini na wa mbali sawasawa. Wa ofisini wasisamehewe. Aliyefika saa 1:30 asubuhi akakaa mpaka jioni naye aulizwe kilichotoka.

Sishauri programu za kupiga picha kioo cha mfanyakazi kila dakika chache. Zinakusanya mambo yasiyohusu ofisi, zinakuingiza kwenye maswali ya sheria ya taarifa binafsi, na kikubwa zaidi zinamfundisha mtu kutikisa kipanya badala ya kufanya kazi. Kwa watu wa fildi, picha ya shughuli na daftari la mahudhurio lenye sahihi vinatosha.

Halafu kuna suala ambalo wengi hawaligusi: semina. Mwaliko wa warsha Morogoro au Arusha unaingia saa 5, jina linatakiwa kabla ya saa 8, na bosi anamtaja anayemwona mbele yake. Pale kuna posho, kuna cheti, kuna kujuana na watu. Ukipitia mwaka mzima utakuta majina mawili au matatu yanajirudia, yote ya wanaokaa ofisini, na hakuna aliyekusudia ubaya. Aliye Kondoa, kwa upande wake, ameshahesabu kila safari na anaikumbuka kwa tarehe. Tengeneza orodha ya safari na semina, iwe wazi kwa wote, na zamu ifuatwe. Anayeruka zamu aandikiwe sababu. Kabla ya kuandika tathmini ya mwaka, fungua kwanza kumbukumbu za Ijumaa za kila mtu, ndipo ushike kalamu. Ukianza na kumbukumbu ya kichwa chako, utawapa alama nzuri waliokuwa karibu nawe.

Hatua ya 8: Msiba, harusi na mambo ya chai

Mfanyakazi wa ofisini akifiwa, gari linajaa, mchango unachangwa saa hiyohiyo. Wa Manyoni akifiwa, kundi linajaa "pole sana" na emoji za mikono, kisha kimya. Hilo mtu halisahau, na hakuna mshahara unaolifuta.

Andikeni kanuni ya rambirambi mapema, kukiwa hakuna msiba: kiasi cha ofisi ni kilekile kwa wote, ndugu gani wanahesabiwa, na mwenzake aliye karibu zaidi kwa umbali anakwenda kuiwakilisha ofisi kwa nauli ya ofisi. Msiba ukiwa Iramba, wa Singida aende, asisubiri gari la Dodoma. Ili michango isiwe fujo, wengi hukubaliana kiasi kidogo cha kila mwezi. Kikikatwa kwenye mshahara, kila mmoja atoe ridhaa yake kwa maandishi.

Ofisi ikiwapa chai na chakula cha mchana walio Dodoma, walio mbali nao wanakula. Ama wapewe kitu kinacholingana, ama ijulikane wazi kwamba bando lao ndilo linalolingana. Kiasi si hoja kubwa. Hoja ni kwamba wameulizwa.

Hatua ya 9: Kutaneni, na mchague wakati

Angalau mara moja kila robo mwaka timu nzima ionane uso kwa uso. Zamani kumleta mtu wa Dar es Salaam kulikula siku nzima ya basi kwenda na nyingine kurudi. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma tarehe 25 Julai 2024, anaweza kutoka asubuhi na akakaa nanyi mchana. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia Sh31,000. Wenye shida ya usafiri sasa ni wa Kondoa na Mpwapwa, kwa hiyo mwanzo wa kikao upangwe kwa kuangalia basi lao, si treni.

Epuka Aprili hadi Juni, Bunge la Bajeti likiwa limekaa. Vyumba vya kulala vinakuwa haba na bei inapanda, na wewe mwenyewe utakuwa unaitwa mara kwa mara. Epuka pia siku za kuelekea Nane Nane, mji ukijaa wageni wa viwanja vya Nzuguni.

Mkikutana, msitumie siku kuoneshana ripoti ambazo zingetumwa. Fanyeni yasiyowezekana kwa mbali: kupanga robo inayofuata mkiwa mmeinamia karatasi moja kubwa, kukagua vifaa, kumaliza yale ambayo watu wawili wameyameza kwa miezi. Jioni nyama choma, na bosi akae mbali na majirani zake wa kila siku.

Mfanyakazi mpya, hata kama kituo chake ni Mpwapwa, aanze kwa wiki tatu au nne ofisini. Akishakula chai na watu, akajua nani mcheshi na nani mkimya, ujumbe wao atausoma kwa sauti sahihi.

Mpango ukigoma kwa mtu mmoja

Kuna watakaoshindwa kufanya kazi mbali. Kabla ya kuhukumu, fuata mpangilio huu. Kwanza angalia vifaa: bando, umeme, chumba cha kukaa. Pili angalia habari: pitia kundi la maamuzi uone kama yaliyomkwamisha yaliandikwa. Tatu ndipo mwangalie yeye, na muulize ana kwa ana au kwa simu, si kundini. Wengine watakuambia wenyewe kwamba nyumbani hakukaliki, na wanaona aibu kuomba kurudi.

Ikibidi arudi, mwandikie barua nyingine kama ile ya kwanza, baada ya kushauriana naye: tarehe ya kuanza ofisini, nani analipa gharama za kuhamisha mizigo, vifaa virudi lini, na lini suala linaweza kufikiriwa tena. Mpe muda wa kutosha wa kutafuta nyumba. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi, na mtu aliyeambiwa Ijumaa aripoti Jumatatu atalazimika kuchukua chumba chochote Nkuhungu au Ilazo kwa mkopo, aanze kazi akiwa na deni na kinyongo. Kama ofisi ina uwezo, mkopesheni kodi hiyo na mkate kidogokidogo kwa makubaliano ya maandishi.